Mwenzetu ameacha kuja kikundini



Kila kikundi kina daftari la mahudhurio. Hebu lifungueni. Hakosi kuwako mtu ambaye alikuwa akija kila juma, halafu akaanza kuruka juma moja, mawili, na mwishowe limebaki jina tu bila alama. Likisomwa, mmoja anasema, "Huyo amekula pesa akatoroka." Mwingine anasema, "Siku hizi anaringa." Mweka hazina anaandika faini na mkutano unaendelea.

Katika toleo hili tunawaomba kitu kimoja: kabla hamjaandika hiyo faini, jiulizeni kama mwenzenu ni mgonjwa. Si malaria, wala si presha. Ni ule ugonjwa ambao hapa kwetu tunasema tu "ana mawazo", au "amefikiria mpaka akachoka". Mtu mzima anaweza kuugua hivyo miezi mingi huku anafua, anapika, anakwenda kanisani, na hakuna anayejua. Na iko tiba yake isiyo na sindano wala tembe. Ni mazungumzo, lakini ya namna maalum, yenye mpango na yenye kazi ya kufanya nyumbani. Wataalamu huiita kwa herufi tatu, CBT. Sisi tutaiita tiba ya fikira na matendo, maana hivyo ndivyo vitu viwili inavyovishughulikia.

GARI KWENYE UDONGO MWEUSI

Tuchukue mfano. Mama huyu tumemtunga, msianze kumtafuta Nkoroi, ingawa huenda mkaona kama mnamfahamu.

Alikuwa akiuza maziwa Rongai. Alikopa Sh. 20,000 kutoka kwa kikundi ili aongeze ng'ombe. Ukaja ule ukame ulioanza mwisho wa 2020 ukaendelea hadi mapema 2023. Ng'ombe watatu wakafa mmoja baada ya mwingine, deni likabaki. Alilipa kidogo kidogo mpaka akashindwa. Juma moja hakwenda mkutanoni kwa sababu hakuwa na hata shilingi mia moja ya kuleta. Usiku huo wazo likamjia: "Wenzangu wananiona mwizi."

Sasa angalieni kilichofuata. Wazo lile lilileta aibu, kifua kikawa kizito kama amebebeshwa jiwe. Aibu ikaingia mwilini: usingizi ukapotea, kichwa kikauma, chakula hakipiti. Alipochoka hivyo akaacha kutoka. Simu akaizima. Dukani akawa anatuma mtoto. Maji akawa anateka saa ambayo hakuna watu. Nao wana kikundi walipoona anawakwepa wakasema, "Kumbe ni kweli!" Maneno hayo yakamfikia, maana maneno hayakosi miguu. Naye akajiambia, "Si nilijua? Wananiona mwizi."

Mnaona jinsi duara lilivyojifunga? Wazo limezaa uchungu, uchungu ukazaa matendo, na matendo yakarudi kulisha lile wazo. Wale waliowahi kukwama na gari kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, kule Kitengela au Isinya, wanaelewa. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, gurudumu linazidi kuchimba. Mtu mwenye mawazo mengi hufanya vivyo hivyo: analala kitandani anawaza zaidi, akidhani kwamba akiwaza sana atapata jibu. Kinachotoa gari ni mawe na matawi chini ya gurudumu, na watu wa kusukuma.

Aliyechunguza duara hili kwa makini ni daktari wa Marekani, Aaron Beck, aliyekuwa akitibu watu wenye huzuni kuu katika mji wa Philadelphia. Yeye alikuwa amefundishwa kutafuta chanzo cha huzuni katika mambo ya utotoni yaliyofichika. Lakini miaka ya 1960, alipowasikiliza wagonjwa wake, aliona kuna maneno mafupi yanayopita haraka haraka kichwani mwao bila wao kuyaita, kama tangazo la redio: mimi ni bure, nitashindwa, hakuna anayenijali. Walikuwa wanayaamini bila kuyauliza swali hata moja. Akaanza kuwafundisha kuyakamata maneno hayo na kuyapima. Mwenzake wa New York, Albert Ellis, alikuwa ameanza njia iliyokaribiana na hiyo miaka ya 1950. Beck alifariki mwaka wa 2021 akiwa na umri wa miaka 100, na kufikia hapo kazi yake ilikuwa imeenea dunia nzima.

MASWALI, SI MAHUBIRI

Tuseme mama wetu amekubali kuonana na dada mmoja aliyefunzwa kazi hii. Mazungumzo yao yanaweza kwenda hivi:

"Mama, simu ikilia, ni neno gani linakuja kichwani kwanza?"
"Ni hao wa kikundi. Wanataka kuniaibisha."
"Na neno hilo likija, moyo unakuwaje?"
"Unadunda. Basi naizima."
"Ni nani kikundini amekuambia wewe ni mwizi?"
"Uso kwa uso, hakuna. Lakini najua."
"Unajua kwa njia gani?"
"Mweka hazina alisema kitu sokoni. Nikaambiwa."
"Huyo ni mmoja. Nyinyi mko wangapi?"
"Ishirini na wawili."
"Na mwenzako mmoja akifiwa na ng'ombe watatu ashindwe kulipa, wewe ungemwita mwizi?"
"La, dada. Huyo ningesema ukame umemmaliza."

Mmesikia? Dada hakumwambia "wacha mawazo", wala "jikaze", wala "wengine wana shida kuliko wewe". Maneno hayo sisi sote tumeyatoa, nami mwandishi nimo, na sijaona yakimwinua mtu. Alichofanya ni kuuliza mpaka mama mwenyewe akatamka neno lingine. Neno alilolitamka mtu mwenyewe humkaa kuliko la kupewa.

Hapa watu wengi hukosea. Wanadhani tiba hii ni kumfundisha mtu kuona kila kitu kizuri. Sivyo. Ng'ombe wamekufa kweli, na deni liko kweli. Kinachofanywa ni kutenganisha sentensi mbili zilizoshikana kichwani. Ya kwanza, "Nina deni." Ya pili, "Mimi ni mtu bure." Ya kwanza ni kweli, na dawa yake ni hesabu: limebaki Sh. 12,000, akileta 250 kila juma atamaliza kwa majuma 48, na ni heri kuwaambia wenzake hivyo kuliko kuzima simu. Ya pili si kweli, na hakuna hesabu inayoweza kuilipa. Zikibaki zimeshikana, mama atashindwa kushughulikia hata ile ya kwanza.

MIGUU KWANZA, MOYO BAADAYE

Upande wa pili wa tiba ni matendo, na kwa maoni yangu huu ndio unaotufaa zaidi vijijini kwa sababu hauhitaji maneno mengi. Mtu mwenye moyo mzito husema, "Nikijisikia vizuri nitatoka." Anangoja. Siku haiji, kwa sababu kukaa ndani ndiko kunakozidisha uzito. Tiba hii inageuza mambo: toka kwanza, hata kama hujisikii, moyo utakufuata nyuma polepole.

Lakini hatua iwe ndogo sana. Siku ya kwanza, kufagia uwanja kabla ya saa moja asubuhi. Siku ya tatu, kwenda kuteka maji na jirani badala ya peke yake. Juma la pili, kuwasha simu na kujibu mtu mmoja tu. Juma la tatu, kuja mkutanoni aketi karibu na mlango, asiseme lolote, arudi nyumbani. Jioni apime siku yake. Anayeandika ataandika namba kutoka sifuri hadi kumi kuonyesha moyo ulikuwaje. Asiyeandika anaweza kutia maharagwe kwenye kikopo: siku nzito maharagwe mawili, siku afadhali matano. Baada ya juma moja ataanza kuona jambo ambalo huzuni ilikuwa imemficha, kwamba siku alizotoka zina maharagwe mengi kuliko siku alizolala.

Woga nao hutibiwa kwa njia hiyo hiyo. Mei 2024, Mto Athi ulipofurika huko Kitengela, watu walizingirwa na maji majumbani mwao mpaka wakaja kuokolewa. Mtu aliyepitia hayo anaweza kutetemeka kila akisikia mvua kwenye mabati, hata kama sasa amehamia mlimani. Kumwambia "si mvua tu hiyo" hakusaidii, na kumficha chumbani kila mvua ikinyesha kunazidisha woga, maana hapati nafasi ya kujifunza kwamba mvua hii haijamwua. Anaketi kwanza na mtu anayemwamini wakati wa manyunyu. Siku nyingine anasimama mlangoni. Baadaye anatembea hadi kwa jirani. Kila mara anangoja mpaka moyo utulie kabla ya kuondoka, anapumua polepole, na mwili unajifunza. Ila mto ukiwa umejaa kweli, hapo si ugonjwa, ahame upesi.

SI MAMBO YA WAZUNGU WENYE NAFASI?

Mzee mmoja aliniuliza hivyo, nami nilimpa mfano wa Kongo. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, kuna wanawake waliobakwa wakati wa vita. Wataalamu waliichukua tiba ya ukoo huu wakairahisisha kwa ajili yao. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, kwa hivyo kazi ya nyumbani waliishika kwa kichwa. Hawakuhudumiwa na madaktari bali na wanawake wa huko huko wenye masomo ya sekondari tu waliofunzwa na kusimamiwa. Walikaa vikundi vya watu sita hadi wanane, kama vikundi vyetu, kwa vikao kumi na kimoja baada ya kila mmoja kuonana na mhudumu peke yake. Vijiji vingine vilipewa msaada wa kawaida wa kusikilizwa. Mwanzoni, kote kote, zaidi ya wanawake saba katika kila kumi walikuwa na dalili za huzuni kuu au wasiwasi. Miezi sita baada ya tiba kwisha, kwenye vijiji vya tiba walibaki 9 katika kila 100. Kule kwingine walibaki 42 katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2013. Vita havikuwa vimekwisha, na umaskini ulikuwa pale pale.

Karibu na sisi, hapo Nairobi, wanawake 421 wengi wao wakiwa wamepitia ukatili walishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017. Nusu yao walipewa mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao vitano: kutuliza mwili, kutatua shida moja moja, kurudia kazi zao hatua kwa hatua, na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani, si wataalamu wa akili. Wale waliopata mpango huo walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Na kina baba wasiseme hili ni la kina mama. Mwanamume mwenye moyo mzito mara nyingi halii, anakwenda kunywa. Eldoret waliitengeneza tiba hii kwa Kiswahili kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao walikuwa wakinywa kupita kiasi, vikao sita, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, wakiongozwa na watu wasio na digrii. Uchunguzi mkubwa wa watu 614, uliotolewa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba waliopitia vikao hivyo walipunguza pombe kuliko wale waliofundishwa afya kwa jumla.

NA IMANI JE?

Wapo wanaosema mkristo wa kweli hana huzuni, au kwamba mwenye mawazo ana pepo. Mimi nawauliza kuhusu Eliya. Someni tena 1 Wafalme sura ya 19. Nabii mkubwa, ametoka kushinda mlimani Karmeli, na siku chache baadaye yuko chini ya mti anaomba afe. Hakukemewa pepo. Alilala, akaamshwa ale mkate na anywe maji, akalala tena, akala tena, akatembea safari ndefu. Ndipo akaulizwa swali, na wazo lililomlemea likatoka: kwamba amebaki peke yake. Akapewa kazi ya kufanya, na akaambiwa idadi, kwamba wako elfu saba kama yeye. Usingizi, chakula, mwendo, swali, kazi, na ukweli wa kupima wazo. Sisemi Eliya alikwenda kliniki. Nasema aliye na huzuni anaweza kuombewa na pia kupelekwa kwa anayejua kazi hii, na moja halimfukuzi mwenzake.

PAHALI AMBAPO KIKUNDI KINAFIKA, NA PAHALI KINAPOSIMAMA

Kikundi si hospitali. Nasema hivyo kwa sababu tuna bidii, na bidii bila mipaka inaweza kuumiza mtu. Kazi yenu ni kumtembelea mwenzenu watu wawili, si kumi na wawili. Mketi, msikilize, msimwulize deni siku hiyo. Mtembee naye zile hatua ndogo. Mambo aliyowaambia yasiwe habari ya sokoni, maana yakitoka mara moja tu hatawaamini tena. Na angalieni ile sheria ya faini. Anayekosa kwa uvivu na atozwe, lakini faini inayojilimbikiza juu ya mtu aliyelemewa ni sawa na kukanyaga mafuta kwenye udongo mweusi. Vikundi vingine vinaweza kuandika katika katiba yao kwamba mtu akikosa mara tatu atatembelewa kwanza.

Kabla ya yote aende zahanati apimwe, kwa sababu upungufu wa damu na magonjwa mengine huleta uchovu unaofanana na huu, na mama aliyejifungua karibuni ahudumiwe mapema. Kisha aulize kama kuna mshauri aliyefunzwa CBT. Kama katika dispensari hayuko, mwulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, au mwende hospitali ya Kajiado, au Mathari huko Nairobi. Mshauri mzuri atakuambia vikao vitakuwa vingapi, mara nyingi kati ya vitano na ishirini, na atakupa kazi ya nyumbani. Wapo ambao tiba hii haiwatoshi, wanahitaji dawa pia, na hiyo si aibu. Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anayekesha siku nyingi akinena mambo makubwa yasiyoeleweka, apelekwe hospitali moja kwa moja. Na mke anayepigwa asiambiwe abadilishe fikira zake. Yeye kwanza anahitaji usalama.

Liko neno moja gumu. Mtu akisema amechoka kuishi, msicheke, na msiogope kumwuliza wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Msimwache peke yake usiku huo. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za shamba zifungiwe mbali. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Zamani watu walificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na Katiba. Mpelekeni hospitali bila woga.

YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Mkikutana juma lijalo, mwenyekiti asome ukurasa huu kwa sauti, maana wengine wameacha miwani nyumbani. Halafu mjadili: Ni nani katika daftari letu hajaonekana tangu ukame, na ni nani alimwendea? Sisi tunapomkosa mtu, ni neno gani la kwanza linalotujia kichwani, na tuna ushahidi gani wa neno hilo? Kisha chagueni wawili wa kumtembelea kabla ya Jumapili.